Insulini ya paka isitolewe bila maelezo ya maandishi

Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo najua baadhi ya watu watalicheka kabla hawajafika aya ya pili, nalo ni namna ya kumwokoa paka mwenye kisukari pale hali yake inapobadilika ghafla usiku. Naliandika kwa sababu ugonjwa huu upo katika nyumba zetu za mijini, dawa yake inauzwa katika maduka yale yale tunakonunua dawa za wazazi wetu, na mtu anaweza kutoka dukani na kichupa cha insulini mkononi bila kuambiwa neno lolote kuhusu kitakachotokea ikiwa kipimo kitazidi. Ninachodai ni kwamba yeyote anayemwandikia au kumuuzia mfugaji insulini kwa ajili ya paka ampe pamoja nayo karatasi ya Kiswahili inayotaja nguvu ya dawa hiyo, bomba la sindano linaloendana nayo, na la kufanya sukari inaposhuka.

Kwa wasioufahamu ugonjwa wenyewe, kisukari cha paka kinakaribiana sana na kile kinachowapata watu wakifika utu uzima. Humpata zaidi paka aliyenenepa, anayeshinda ndani, mwenye umri wa makamo au zaidi, hasa dume aliyehasiwa. Wakati mwingine hufuatia sindano za steroidi ambazo paka huchomwa kwa sababu ya muwasho wa ngozi. Dalili zake hazijifichi: paka hunywa maji kupita kiasi, hukojoa mno, hula vizuri lakini hukonda, na wengine huanza kukanyaga kwa visigino vya miguu ya nyuma kwa sababu sukari ya muda mrefu imeumiza mishipa ya fahamu. Paka wetu Pamba, dume mweupe mwenye tumbo la kubembea, alianza kwa kuyafuata maji hadi kwenye ndoo ya bafuni. Vidonge vingi vya binadamu havimfai mnyama huyu, kwa hiyo matibabu ya kawaida ni sindano mbili kwa siku, moja kila baada ya saa kumi na mbili, na kipimo cha kuanzia ni kidogo sana, mara nyingi yuniti moja au mbili tu.

Udogo huo wa kipimo ndio unaoleta hatari, kwa kuwa insulini zote hazina nguvu moja, na jambo hili halijulikani kwa watu wengi, wakiwamo baadhi ya wauzaji. Insulini za binadamu zinazouzwa hapa kwetu huwa na yuniti 100 katika kila mililita. Zile zilizotengenezwa mahususi kwa wanyama kwa kawaida huwa na yuniti 40, na India, ambako ndugu zetu wengi huenda kutibiwa na kurudi na mifuko ya dawa na vifaa, hata insulini ya binadamu ya yuniti 40 bado inatumika sana. Kila nguvu ina bomba lake. La yuniti 40 kwa desturi lina kifuniko chekundu, la yuniti 100 lina kifuniko cha rangi ya chungwa, na mistari iliyochorwa ubavuni mwa bomba ina maana pale tu inapotumika kwa dawa iliyokusudiwa. Ukiivuta dawa ya yuniti 100 kwa bomba lenye kifuniko chekundu hadi kwenye mstari wa pili, ulichovuta si yuniti mbili bali ni yuniti tano. Mtu mzima wa kilo 70 huenda akahimili ziada ya yuniti tatu kwa kula chakula chake cha jioni mapema. Paka wa kilo nne au tano anaweza kufa nayo.

Hilo ndilo lililotufika nyumbani kwetu Tanga. Dawa ya kwanza ya Pamba, ya yuniti 40, ililetwa pamoja na mabomba yake na daktari aliyekuwa akimtibu. Ilipokwisha, na nyingine ikawa haijapatikana, daktari alituandikia jina la insulini ya binadamu, na chini yake maneno haya tu: yuniti mbili asubuhi, yuniti mbili jioni. Duka la dawa lilitoa kichupa na kupokea fedha. Tulipouliza habari za sindano, tulijibiwa kwamba kama tunazo za insulini nyumbani, hizo hizo zinatosha.

Sindano ilichomwa saa moja jioni, baada ya kula. Karibu saa tano usiku mjukuu wangu aliniita ukumbini. Pamba alikuwa amesimama katikati ya sakafu, kichwa kikiyumba taratibu, mboni zimepanuka, wala hamtazami anayemwita. Alijaribu kurukia kiti anachokilalia kila siku akaanguka kwa ubavu. Kisha midomo ikaanza kumtetemeka, mate yakamtoka, na miguu ya mbele ikawa inapiga sakafu kwa degedege. Hakuna kliniki ya wanyama niliyoijua inayopokea simu saa kama hizo, kwa hiyo nilimpigia afisa mifugo wa kata yetu, kijana ambaye siku zake zote humalizikia kwenye mabanda ya ng'ombe wa maziwa.

"Mama, una asali hapo nyumbani?" aliniuliza kabla sijamaliza kueleza.

"Ninayo, daktari."

"Usimmwagie mdomoni, itamwingia mapafuni. Chovya kidole, vuta shavu, umpake kwenye fizi kwa nje. Kidole kisipite katikati ya meno. Mlazeni kwa ubavu mbali na ngazi. Mimi naja."

Tulimkunja Pamba katika khanga, mjukuu akamshika mabega, nami nikapaka asali kidogo kidogo, nikirudia kila ilipoyeyuka. Kijana aliwasili kwa pikipiki akiwa na mkoba wake wa kazini, na ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ya nusu lita ya maji ya glukosi ya asilimia 50, ambayo huwatundikia ng'ombe waliotoka kuzaa pindi wanapodhoofika kwa kukosa sukari mwilini. Hakumchoma paka dawa hiyo jinsi ilivyo. Alivuta mililita chache, akazichanganya na maji ya dripu ili kuzipunguza nguvu, kwa sababu glukosi nzito kiasi hicho huunguza mshipa mwembamba, akanyoa manyoya ya mguu wa mbele, kisha akasukuma polepole sana huku akimtazama mgonjwa usoni. Bomba lilikuwa bado halijaisha Pamba alipoinua kichwa na kuanza kulamba asali iliyomganda puani. Ndipo kijana alipokichukua kichupa mezani, akakiweka sambamba na bomba lenye kifuniko chekundu, akauliza ni nani aliyetupa vitu hivyo viwili vitumike pamoja.

Alitukanya pia tusidhani kwamba mambo yamekwisha. Sukari inayoingizwa kwa asali au kwa mshipa hutumika upesi, ilhali insulini iliyozidi huendelea kufanya kazi kwa saa nyingi, hivyo paka aliyezinduka anaweza kuanguka tena mbele ya mtu aliyekwisha kwenda kulala. Tulikesha tukimlisha vijipande vya samaki na kumpima, na kulipopambazuka tulimpeleka kliniki akatundikiwa dripu ya glukosi iliyopunguzwa, akabaki humo chini ya uangalizi.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu kila alichotuagiza kijana yule kwa simu kingeweza kuwa kimeandikwa katika karatasi tuliyopewa dukani. Paka ambaye bado ana fahamu na anaweza kumeza apewe chakula chake mara moja, na akikataa apakwe asali au glukosi ya unga iliyolowekwa maji kidogo ikawa nzito. Asiyejitambua apakwe kwenye fizi tu, na safari ya kwenda kwa daktari ianze huku upakaji ukiendelea, kwa kuwa asali ni ya kununua muda. Katika nyumba ambayo mna mzee mwenye kisukari, mtu ahakikishe kwamba alichokishika ni sukari halisi, maana zile sukari bandia wanazotilia chai hazipandishi chochote. Maziwa hayafai kwa kazi hii, na panadoli, ambayo najua kuna watu huikimbilia kila kiumbe kinapotetemeka, kwa paka ni sumu inayoua.

Mwenye mashine ya kupimia sukari anaweza kuitumia kwa tone la damu kutoka ukingo wa sikio, mradi ajue kwamba mashine za binadamu mara nyingi husoma damu ya paka chini kidogo ya kiwango chake halisi. Jambo hilo lisimfanye mtu akaanza kubishana na namba. Ikisoma chini ya milimoli 3.5 kwa lita (mmol/L) na paka anapepesuka, atibiwe. Na ikiwa mashine haipo au betri imekufa, dalili zenyewe zinatosha, kwa kuwa asali kidogo kwenye fizi ya paka ambaye sukari yake haikushuka haina madhara makubwa, ilhali kuchelewa kwa yule ambaye imeshuka ni kifo au ubongo ulioharibika. Sindano inayofuata isichomwe hadi daktari aseme.

Kuzidi kwa dawa hakusababishwi na mabomba peke yake. Katika nyumba yenye watu wengi, mama huchoma alfajiri na binti akachoma tena akidhani mama amesahau, na tiba ya hilo ni daftari au kalenda iliyoning'inizwa penye friji, mchomaji aweke alama palepale. Wakati mwingine paka hujitikisa dawa ikamwagika kwenye manyoya, na mtu akashikwa na wasiwasi kama imeingia au haikuingia. Asirudie, kwa kuwa kukosa sindano moja ni jambo dogo likilinganishwa na kuchoma mbili. Na kuna sababu ya nne, ambayo yenyewe ni habari njema iliyovaa sura mbaya: baadhi ya paka, wakitibiwa mapema na kupunguziwa vyakula vya wanga, kongosho zao, ambazo ndizo hutengeneza insulini mwilini, hurudia kufanya kazi, na wakiendelea kuchomwa kipimo kile kile cha mwanzo huporomoka sukari wakati ambapo wanaelekea kupona. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Ukimwondolea ugali na wali uliobaki ukampa samaki na nyama, sukari yake inaweza kushuka sana katika muda mfupi, kwa hiyo mabadiliko hayo ya chakula yafanywe kwa kushauriana na daktari, sindano nazo zikiangaliwa upya.

Kuna dharura nyingine iliyo kinyume cha hii, na ni lazima karatasi iitenganishe nayo, kwani watu huzichanganya. Insulini isipotosha, au ikiwa imepoteza nguvu kwa joto, mwili wa paka hushindwa kuitumia sukari na kuanza kuyeyusha mafuta, na ketoni zinazotokana na mafuta hayo hugeuza damu kuwa na tindikali. Nguvu za insulini kwa joto letu la pwani si jambo la kupuuza: kichupa ambacho hakijafunguliwa hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8, na kilichofunguliwa hakitakiwi kuvuka nyuzi 30, kiwango ambacho chumba cha bati mwezi Februari hukivuka kabla ya saa sita mchana, umeme ukiwa umekatika au haujakatika. Mgonjwa wa namna hii haanguki ghafla saa chache baada ya sindano. Hudhoofika kwa siku moja au zaidi, hukataa chakula, hutapika, ngozi yake ikivutwa huchelewa kurudi, na pumzi yake wakati mwingine hunuka utamu usio wa kawaida, unaokaribiana na harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Vipande vya kupimia ketoni katika mkojo vinapatikana kwenye maduka ya dawa na vinamfaa paka pia. Huyu hakuna asali itakayomsaidia wala sindano ya kubahatisha nyumbani. Anahitaji dripu, potasiamu, insulini ya muda mfupi na kupimwa mara kwa mara, na mara nyingi hulazwa kwa siku kadhaa. Wengi hufikia hapo kwa njia moja: paka amesusa chakula, mwenye paka akaogopa sukari itashuka, akaacha sindano kabisa kwa siku mbili tatu bila kumpigia daktari. Kuogopa kwake ni halali. Simu moja ingempa kipimo kilichopunguzwa.

Naelewa pia wanaouliza, na wengine wameniuliza ana kwa ana, kwa nini insulini ipewe paka wakati kuna watoto wanaoikosa. Swali hilo silichukulii kuwa la kejeli, kwa sababu mtoto mwenye kisukari akikosa insulini hufa, na bei yake kwa familia nyingi ni mzigo. Lakini kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000, na paka anayetumia yuniti mbili tatu kwa siku hawezi kukimaliza kabla muda wake haujapita. Hayupo mtoto anayekosa dawa kwa sababu ya paka. Tukumbuke vilevile kwamba dawa hii imepitia kwa wanyama ndipo ikatufikia. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering waligundua uhusiano wa kongosho na kisukari kwa kumwondolea mbwa kongosho. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walifanya majaribio yao kwa mbwa mjini Toronto, na mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa dawa iliyotokana na kazi hiyo Januari 1922. Kwa miongo mingi baada ya hapo, insulini ya watu ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Nasi wa pwani, ambao tumelelewa tukisikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa kwa njaa, tuna sababu zetu za ziada za kutoliona jambo hili kuwa la anasa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe peke yao.

Hata hivyo, taaluma yetu ya udaktari wa wanyama imejengwa juu ya ng'ombe, na katika nchi yenye mifugo mingi kiasi hiki sioni kosa katika hilo. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wanaofika kwenye kata zetu hukutana na kupe, ndigana, homa ya maziwa na chanjo ya kichaa cha mbwa; paka mwenye kisukari wanaweza wasimwone mwaka mzima. Kijana aliyemwokoa Pamba alifanikiwa kwa kuwa alijua kanuni na akawa na ujasiri wa kuihamisha kutoka kwa mnyama wa kilo mia nne hadi kwa mnyama wa kilo tano. Si haki kumwekea kila afisa mifugo tegemeo la namna hiyo.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Veterinari liwaagize madaktari wanaotibu wanyama wa nyumbani kwamba neno "yuniti" lisiandikwe peke yake katika cheti cha insulini. Liandamane na nguvu ya dawa, mililita zinazopaswa kuvutwa, na rangi ya kifuniko cha bomba. Naliomba Baraza la Famasi liwakumbushe wauzaji kwamba mteja anayechukua insulini bila kuchukua mabomba ni mteja wa kuulizwa anatumia mabomba gani, awe ananunua kwa ajili ya paka au kwa ajili ya mama yake mzazi, kwa sababu hatari hii ya mabomba haichagui kati ya mnyama na binadamu. Na kwa madaktari wenye kliniki katika miji kama Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, ombi langu ni zamu ya usiku. Haihitaji jengo wala bajeti ya halmashauri. Inahitaji makubaliano kati yao wenyewe na namba moja ya simu iliyobandikwa kwenye mlango wa kila kliniki na kila duka la dawa za mifugo, ambayo anayeipiga usiku wa manane atapokewa na mtu anayeweza kumwambia apake asali wapi, na asiimwage wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wa Chumbageni, Tanga